Mfarishi

Julai baridi hushuka kutoka Menengai
na kuingia Bondeni bila kubisha hodi.
Ndipo naufungulia sanduku.
Wajukuu huuliza, nyanya, mbona mfarishi huu
umejaa pembe, kama meno ya mamba?
Nawaambia laleni. Mmejifunika miguu ya watu.

Shiundu alichukua cherehani kwa mkopo
mwaka ule suruali zilipoanza kutanuka.
Inchi kumi na nane, tukadhani kijana amekosea kipimo.
Ishirini na mbili. Ishirini na sita.
Odindo wa reli akataka thelathini,
akaambiwa, bwana, hiyo si bugaluu, ni sketi mbili.
Akalipa nusu: basi nishonee sketi mbili.

Asiye na pesa ya mpya alileta ya zamani.
Tuliufumua mshono wa nje, gotini kwenda chini,
tukapachika pembetatu ya kitambaa kingine.
Gachomba alileta ncha ya pazia la maua mekundu;
mamake alilitafuta pazia lile hadi Pasaka.
Rajabu alitaka kijani kitupu.
Chelule wa gereji alileta turubai ya lori.
Sindano mbili zilivunjika.

Mimi nilikuwa wa pindo na vifungo.
Magoti sakafuni, pini mdomoni,
kwa hivyo vijana wa mji huu niliwajua kuanzia chini:
nani soksi yake ina tundu,
nani ameazima raizoni, maana zinampwaya,
nani mguu unamtetemeka
kwa sababu Jumamosi kuna dansi
na Jerotich amesema huenda akaja.

Jumapili barabara zilifagiliwa bure.
Vumbi lote la Bondeni lilifika kanisani ndani ya pindo zangu.
Mchungaji akahubiri juu ya mavazi, saa nzima, jasho likimtoka.
Mwanawe akaja Jumatatu, mlango wa nyuma:
ishirini na nne, mama, na baba asijue.

Kisha siku moja, hakuna aliyetangaza,
Odindo akasimama mlangoni, suruali kwapani.
"Bana," akasema.
Neno moja, macho kwenye kizingiti.
Wakafuata wengine, wiki kwa wiki,
kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuona haya.
Shiundu hakumcheka mtu.
Mguu ni uleule, alisema, akichora kwa chaki,
tunachokata ni upepo.

Upepo ukajaa karai, ukajaa gunia.
Akataka kuuza vipande kwa watu wa gereji, wapangusie grisi.
Nikamwambia, hivi nimevipigia magoti.
Hakujibu. Akanisogezea taa.
Nikaunga usiku kwa usiku,
kichwa cha hiki mguuni pa kile,
turubai kando ya maua.

Miezi yake ya mwisho alijifunika huo huo.
Vidole vilitembea juu ya mishono gizani
na midomo ikitaja: huyu Rajabu.
Huyu Chelule, shika, bado mgumu kama bati.
Huyu hakumaliza kulipa.

Akafika kwenye pembe moja akanyamaza.
Krimplini, samawati, iliyokolea.
Huyo simkumbuki, nikasema.

Ni mimi, akasema.
Ulikuwa umekwenda kwenu Mumias, kwenye matanga.
Nilifunga duka, nikaivaa, nikazunguka mbele ya kile kioo cha wateja
mara tatu, nne.
Nikaibana kabla hujarudi.

Alikuwa na miaka arobaini na sita wakati ule,
mzee wa kanisa,
mwenye suruali mbili za kijivu, na zote nilizipinda mimi.

Pembe ile nimeikagua kwa miwani.
Pindo limeshonwa mbiombio, uzi mweusi juu ya samawati,
limekwenda upande, kazi ya mwanagenzi.
Sijalirekebisha.
Nikitandika, hiyo naiweka juu,
hapa, karibu na kidevu.